Kaseti Niliyomrekodia Leocadia

Kwa miaka kumi na tisa Mjomba Eulogio aliniimbia mimi peke yangu. Sina maana kwamba hakuimba kwingine. Aliimba harusini, aliimba kwenye ubatizo wa watoto wa watu, aliimba hata akisubiri supu ipoe. Lakini kwenye jukwaa la klabu yetu ya mtaa wa Santiago, hapa Jerez, akisimama nyuma ya mtu anayecheza, mtu huyo alikuwa mimi, Visitación. Watu walitutaja pamoja kama wanavyotaja mkate na mafuta.

Alikuwa binamu ya mama yangu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mapipa ya mvinyo, na sauti yake ilifanana na zile mbao: nzito, kavu, iliyokolea. Mama naye alikuwa mchezaji. Alipofariki, Mjomba alitunga ubeti mmoja akautia ndani ya solea, muziki wetu wa upweke, wa polepole, ambao mtu huucheza akiwa na la kusema. Ubeti ulikuwa huu:

Nimepita mlangoni,
nabisha kwa mazoea;
nyayo zako sakafuni
masikio yangojea.

Aliuimba mara moja tu kwa mwaka, Jumapili ya mavuno ya zabibu, mimi nikicheza mbele yake. Kwangu ubeti ule ulikuwa urithi. Wengine wameachiwa nyumba, mimi niliachiwa mistari minne.

Mwaka wa themanini na nane, mwezi wa Februari, akaja Leocadia. Babu na bibi yake walikuwa watu wa hapa waliohamia Barcelona kutafuta kazi za viwandani. Babu akafia huko, bibi akarudi kuzeekea kwao, na mjukuu akamfuata kumtunza. Alikuwa na miaka ishirini na minne, shingo ndefu, miguu myepesi. Alikuja na sanduku moja la nguo na boksi la viatu lililojaa kaseti. Huko alikokulia hakuwa na mpiga gitaa wala mwimbaji. Alijifunza kwa kaseti, jikoni kwao, mama yake akimfokea kwamba anavunja vigae vya sakafu kwa visigino.

Siku ya kwanza klabuni akachomeka kaseti yake akacheza. Nilikuwa nimekaa na Fermín, mume wangu, ambaye ndiye mpiga gitaa wetu.

“Anacheza na muziki wa kopo,” nikamnong'oneza. “Kopo halimwambii mtu kwamba amekosea.”

“Lakini miguu anayo.”

“Hata punda anayo, tena minne.”

Fermín akacheka, nami nikaridhika. Ikawa mara ya mwisho kuridhika mwaka ule.

Maana Mjomba Eulogio alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, akitazama. Kaseti ilipokwisha akasema, “Zima hicho kidude, binti. Njoo hapa karibu.” Akaketi, akagonga meza kwa vifundo vya vidole, akaanza kumwimbia. Msichana hakujua pa kushika. Kaseti haikuwahi kumngoja. Sauti hii ilisimama, ikavuta pumzi, ikageukia upande mwingine, na yeye alikuwa keshafika mbele peke yake. Alipotea kabisa. Nilidhani ataona haya aondoke. Badala yake akapangusa macho, akacheka.

“Tena,” akasema. “Mjomba, tena!”

Nikajiuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kumwita mjomba.

Basi ikawa hivyo. Kwa miaka yote ile Mjomba alikuwa anakuja kwangu kila Alhamisi, anakula dengu zangu, kisha ananiimbia sebuleni nifanye mazoezi. Masika yale akaanza kuchelewa. Halafu akawa anakuja, anakula, anaondoka. Halafu akawa haji. Na alipokuja, mazungumzo yalikuwa ya msichana yule yule.

“Mtoto yule anasikiliza, Visi. Anasikiliza kwa ngozi.”

“Kula, mjomba, dengu zinapoa.”

“Jana nimenyamaza katikati ya mstari, makusudi, kumpima. Akasimama! Akaningoja kama mtu anayengoja mgonjwa avuke barabara.”

“Ongeza mkate, mjomba.”

Ingekuwa ni mapenzi ya uzeeni ningecheka na mtaa mzima. Hayakuwa mapenzi. Alikuwa anamfundisha, na nilikumbuka sura ile, kwa sababu niliiona nikiwa na umri kama wa yule msichana, wakati alipokuwa ananifundisha mimi.

“Una wivu,” Fermín akaniambia mchana mmoja.

“Wivu? Mimi? Nimwonee nani, yule mcheza na kaseti?”

“Basi mbona unakata kitunguu kama unachinja?”

Nikamjibu kwamba kitunguu kilikuwa kigumu.

Mwezi wa Agosti mwenyekiti wa klabu, Bwana Balbino, alinipa kazi ya kuchagua muziki wa Jumapili ya mavuno: nani acheze nini, kwa mdundo upi, na kaseti ipi atumie kwa mazoezi. Niliipenda kazi ile, na niliijua. Muziki wa kucheza hauchaguliwi kwa kuupenda tu. Unamtazama mtu mwili wake, umri wake, na yaliyomkuta. Mke wa mwuza nyama nilimpa muziki wa tango, wa kuzungusha kiuno, kwa sababu nyonga zake zilikuwa na mengi ya kusema na mumewe hakuwa msikilizaji. Mimi nikajiandikia solea, kama kila mwaka. Leocadia nikamwandikia alegrias, muziki wa furaha wa watu wa Cádiz, mwepesi, unaowafaa vijana. Sikumwonea. Hata leo nasema ulikuwa uchaguzi mzuri.

Mjomba akaja akaisoma ile karatasi, kaishika mbali na macho.

“Hapa pamekosewa,” akasema.

“Wapi?”

“Solea mpe mtoto. Wewe chukua alegrias.”

Nilidhani anatania. Nikamtazama, hakuwa anatania.

“Mjomba, solea ile ni ya mama.”

“Solea haina mwenyewe. Umeicheza miaka kumi na tisa, mwanangu. Miaka hii mitatu unaicheza kama mtu anayekunja shuka. Safi, pembe kwa pembe, na akili yako iko sokoni.”

“Nani kakwambia?”

“Mgongo wako. Mimi ndiye ninayeutazama.”

Wapo wanaotukanwa wakapiga kelele. Mimi nilitabasamu. “Sawa, mjomba, ukishasema wewe,” nikamwambia, nikafuta, nikaandika upya. Ncha ya penseli ikavunjika juu ya jina la Leocadia.

Kesho yake msichana akaja kwangu mwenyewe, mikono kifuani, macho yanang'aa. “Dada Visi, sijui nikushukuru vipi. Najua solea ilikuwa yako.”

“Ya wote hiyo.”

“Nisaidie basi jambo moja. Nataka nifanye mazoezi kila siku, si siku anazokuja mjomba tu. Nichagulie kaseti. Wewe ndiye unayejua ipi inafaa.”

Hapo ndipo shetani aliponikalia karibu. Nilimwambia aketi. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye huruma, kwamba Mjomba anahitaji kupumzisha koo mpaka siku ya mavuno, na kwamba ameona aibu kumwambia. “Umri, unajua tena. Usimsumbue. Usimuulize pia, atajisikia vibaya. Kaseti nitakutengenezea mimi.”

Kisha nikaenda kwa Mjomba. Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. “Mtoto anakuheshimu sana,” nikasema, “ila anaona haya kukwambia. Anadai anakuwa huru zaidi na kaseti. Ukimwimbia unamchanganya.”

Mjomba aliizungusha kofia yake mkononi.

“Kasema hivyo?”

“Kwa heshima, mjomba. Kwa heshima kabisa.”

“Namchanganya,” akarudia. Hakuniuliza zaidi. Mzee mwenye fahari hamfuati mtu aliyemwambia asije.

Kaseti yenyewe niliichagua kwa makini kuliko kitu chochote nilichowahi kuchagua. Klabu ilikuwa na rekodi nyingi za Mjomba. Nikachukua moja nzuri, ya miaka ya nyuma, isiyokuwa na ubeti wa mama, maana huo sikuwa tayari kuutoa hata kwa kumdhuru. Nikaazima redio kaseti ya klabu iwe inacheza, nikaiweka mezani jikoni kwangu karibu na redio yetu wenyewe, ndiyo iwe inarekodi. Sasa redio yetu ilikuwa mgonjwa. Mota yake ilizunguka kwa uvivu. Fermín alikuwa akisema kila mwimbaji anayeimba jikoni kwetu amelewa. Lakini ukirekodi kwa chombo kinachozunguka polepole, kisha ukaicheza kaseti ile kwenye chombo kizima, wimbo unakwenda haraka. Si mbio za kuchekesha. Ni mwendo wa mtu anayewahi basi. Asiyeujua wimbo hatashtuka.

Nilisimama pale dakika zote zile. Ningeweza kubonyeza kitufe wakati wowote. Nilifuta meza, nikapanga vikombe, nikangoja mpaka mwisho. Halafu nikaandika juu yake kwa mwandiko mzuri: Solea, Eulogio, ya mazoezi.

Wiki tatu nikawa napita chini ya dirisha la bibi yake Leocadia. Nilisikia misumari ya viatu vyake ikigonga sakafu, tak-tak-tak, imenyooka, kila pigo mahali pake, na yote kwa mwendo wa uongo. Mwili unajifunza chochote unacholishwa. Siku moja akaja na sahani ya biskuti za lozi alizooka bibi yake.

“Kaseti uliyonichagulia ni nzuri mno,” akasema. “Mjomba zamani alikuwa na nguvu, eh? Anakwenda kasi!”

“Zamani alikuwa na nguvu,” nikajibu. Nikala biskuti tatu.

Fermín hakujua lolote. Msimu wa mavuno alikuwa kwenye mashine ya kukamulia zabibu toka asubuhi mpaka giza, akirudi anaanguka kitandani na harufu ya zabibu mwilini. Ijumaa ya mazoezi ya pamoja mashine iliharibika, hakutokea. Mjomba naye alinitumia salamu mimi peke yangu kwamba kama kaseti inatosha, yeye anakuja kufanya nini. Leocadia akasikitika, akasema kumbe koo bado linamuuma. Mimi nikasema ndiyo, bado.

Jumapili saa saba mchana ukumbi ulijaa. Bwana Balbino alikuwa akipitisha vibilauri vya mvinyo mweupe, na kila aliyeingia aliingia na joto la barabarani. Jukwaani tulikuwa watatu: Fermín na gitaa, Mjomba kwenye kiti cha majani, na mimi wa kupiga makofi, kwa sababu kwetu asiyecheza hupiga makofi. Makofi ndiyo sakafu. Solea ina mapigo kumi na mawili yanayozunguka, na anayepotea huyatafuta kwenye mikono ya mpigaji.

Leocadia akatoka na gauni jeusi. Fermín akafungua, na mwanzo ulikwenda vizuri, kwa kuwa hapo mtu anatembea tu. Kisha Mjomba akaanza mstari wa kwanza. Aliuvuta kama unga wa mkate, akauacha uning'inie, na kabla haujakatika, msichana akaufunga kwa miguu. Alikanyaga sauti ya mzee. Kwetu hiyo ni sawa na kumkata mkubwa maneno mbele ya wageni.

Mtu mmoja kule kaunta akafyonya.

Mstari wa pili, tena. Mwili wake ulikuwa umeshafika kwenye pigo la kumi, Mjomba yuko la saba. Fermín akamkimbilia msichana, akarudi kwa mwimbaji, akamkimbilia tena, vidole vikihangaika.

“Msubiri mzee, mama!” sauti ikatoka nyuma. “Haendi popote!”

Watu wakacheka. Nilifurahi. Siwezi kusema vingine. Nilihisi furaha ikinipanda toka tumboni, tamu, ya moto. Nikamwona yeye na shingo yake ndefu, jasho limemtoka, na nikasema moyoni: sasa mwite mjomba.

Lilibaki jambo moja tu la kummaliza. Kama ningeyalegeza makofi kidogo, au nikamfuata yeye badala ya kumfuata mwimbaji, asingepata tena pa kukanyaga. Nilikusudia. Nikaiambia mikono yangu. Mikono ikakataa. Mama alinifundisha makofi yale kabla sijajua kufunga kamba za viatu, alinipigia mapajani nikiwa nimekalia magoti yake, na mikono haikujua kusema kitu kingine chochote. Kadiri nilivyotaka kuiharibu ndivyo ilivyozidi kupiga sawa. Ikapiga kwa nguvu. Mpaka Fermín akageuka kunitazama.

Leocadia naye akageuka. Hakunitazama usoni. Alitazama mikono. Akasimama.

Alisimama kabisa, mikono imeshuka, katikati ya jukwaa, wala hakufanya kitu. Fermín akalipunguza gitaa mpaka likabaki kama mtu anayepumua. Mzunguko mmoja wa kumi na mawili ukapita. Mjomba akaona msichana amepotea, akatafuta kitu cha polepole kuliko vyote alivyokuwa navyo. Nikamsikia akivuta pumzi, na nikajua kabla hajafungua mdomo.

Nimepita mlangoni.

Hakuwahi kumwimbia mtu mwingine ubeti ule. Leocadia hakutikisika mstari wa kwanza. Hakutikisika wa pili. Wa tatu akainua mkono mmoja, taratibu, kama mtu anayefungua pazia aone ni nani amebisha, na wa nne, sauti ilipokatika, aligonga kisigino mara moja tu, chini, mahali hasa palipokuwa wazi. Ukumbi ulitoa “ole”, neno letu la kusifu, isiyo ya kelele, ile inayotoka kwa mtu bila yeye kujua. Toka hapo alikwenda na mzee hatua kwa hatua mpaka mwisho.

Na mimi nikapiga makofi ya ubeti wa mama yangu kwa ajili ya mwanamke mwingine. Machozi yalinitoka. Jirani zangu walidhani ni furaha.

Wakati wa mapumziko tuliingia chumba cha nyuma ya kaunta. Leocadia akanirukia shingoni. “Mikono yako imeniokoa, dada Visi! Nilikuwa nimezama!” Halafu akachomoa redio kaseti kwenye mfuko wake. “Ila sielewi nilikosea wapi. Nimefanya mazoezi kila siku. Hebu sikilizeni.”

Nilisema hakuna muda. Hakunisikia. Akabonyeza.

Fermín alikuwa bado na gitaa pajani. Vidole vyake vikaanza kuitafuta ile sauti kwa mazoea tu, akapandisha, akapandisha tena, uso ukakunjamana.

“Hii iko juu,” akasema. “Sijawahi kumpigia mjomba juu namna hii.”

Mjomba akatega sikio. “Huyo si mimi,” akasema. “Huyo ni mjukuu wangu, tena kabla hajabalehe.” Wote wakacheka, isipokuwa Fermín. Fermín aliitoa ile kaseti, akausoma mwandiko, akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

“Ulirekodi kwa redio gani?”

“Ya jikoni.”

Fermín akaiweka kaseti mezani. Mjomba akamtazama yeye, akanitazama mimi.

“Na yale ya kwamba namchanganya mtoto?”

“Nani?” Leocadia akauliza. “Mimi nimesema hivyo? Mimi? Si nimeambiwa koo lako…” Nikaona jinsi jambo lilivyomwingia.

Bwana Balbino akagonga mlango. “Visi, zamu yako, watu wanangoja.”

Ningependa kusema kwamba nilikataa kutoka. Nilitoka. Nilikuwa nimeshavaa gauni jeupe la mkia mrefu, na ukumbi ulikuwa ukipiga meza. Nilitegemea kiti cha Mjomba kitakuwa kitupu. Lakini alikuja, akaketi, akaweka mkono gotini. Fermín akaanza alegrias bila kunitazama. Nikaingia, nikausukuma mkia wa gauni nyuma, na Mjomba, akitabasamu kwa sababu alegrias huimbwa kwa tabasamu, akaimba ubeti ambao sikuwahi kuusikia:

Umenipimia maji
kwa kikombe cha kuvuja;
kisima hakina mwenye,
wenye kiu watakuja.

Watu wakaupokea kwa kelele, wakauona mtamu. Hakuna aliyejua unakwenda kwa nani, isipokuwa sisi wanne, na mmoja wetu alikuwa amesimama kwenye pazia, mikono imefungwa kifuani. Ilibidi nimjibu kwa miguu. Ilibidi nizunguke, nicheke kwa mabega, nimpe mgongo. Na nilipompa mgongo nikakumbuka kwamba anausoma. Hapakuwa na pa kujificha. Nilicheza kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani akaamua kutembea hivyohivyo mpaka nyumbani. Nilipomaliza watu walikuwa wamesimama. Bwana Balbino alinishika mikono yote miwili akaapa kwamba kwa miaka kumi na tisa hajawahi kuniona nikicheza vile. Nadhani alisema kweli. Sijawahi kupata sifa iliyoniuma zaidi.

Nilimkuta Leocadia nje, amekaa kwenye ukingo wa ukuta wa kiwanda cha mvinyo, viatu vimelala mapajani.

“Ulitaka nianguke?” akauliza.

“Ndiyo.”

“Kwa sababu ya solea.”

“Kwa sababu ya mjomba. Kabla hujaja, Alhamisi alikuwa anakuja kwangu.”

“Ungeniambia.”

“Ningekwambiaje? Nirudishie mjomba wangu? Nina miaka arobaini na sita.”

Alivaa kiatu kimoja, akakifunga. “Na mbona ulipiga makofi sawa? Ungeweza kunimaliza.”

“Nilijaribu. Sijui kupiga vingine.”

Akavaa cha pili. “Bibi yangu ana baridi yabisi ya vidole,” akasema. “Zile biskuti alizikanda mwenyewe, asubuhi nzima, kwa sababu nilimwambia kuna dada ananisaidia. Ulizila?”

“Nilizila.”

Akatikisa kichwa, akaondoka.

Vuli ile ilikuwa ndefu. Kwa wiki nzima Fermín alizungumza nami habari za funguo na chumvi tu. Kisha akaifungua redio ya jikoni, akaitengeneza mota, akairudisha mahali pake. Kazi ya kuchagua muziki niliirudisha kwa Bwana Balbino kabla hajaniomba. Alhamisi niliendelea kupika dengu nyingi kupita kiasi, tukawa tunazila mpaka Jumamosi.

Mwezi wa Novemba nikaenda kwa Mjomba. Aliniacha nimesimama mlangoni.

“Kumsema mtoto vibaya, hayo ni mambo ya wanadamu,” akasema. “Lakini mimi ulinidanganya kuhusu sauti yangu mwenyewe. Wiki tatu nilikuwa naamka naona nimekuwa mzigo.”

“Nisamehe, mjomba.”

“Nitakusamehe. Usiniharakishe.”

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kidogo, lakini ugonjwa haukuwa umeisha. Nilipowasikia kwa dirisha la bibi yake Leocadia, mzee akiimba na miguu ikimjibu, bado nilikuwa navuka barabara.

Januari, jioni mapema, mlango ukabishwa. Alikuwa Leocadia, pua nyekundu kwa baridi, skafu mpaka kidevuni.

“Nimealikwa kucheza mjini Lebrija mwezi ujao,” akasema bila salamu. “Mjomba ataimba. Fermín amekubali kupiga. Nimebakiza mpiga makofi.”

“Wapo wengi.”

“Nimejaribu watatu. Wakiniona nakimbia wananifuata.” Akashusha skafu. “Sikupendi, dada Visi. Sijui kama siku moja nitakupenda. Lakini jukwaani sihitaji mtu anayenipenda. Nahitaji mtu asiyenifuata nikikosea.”

“Mjomba anajua umekuja?”

“Yeye alisema nisikuombe. Alisema ningoje mpaka ujilete. Nikamwambia mimi sina miaka sabini ya kungojea watu.”

Nikataka kucheka, nikajizuia. Nikamwambia aingie, kuna moto, kuna kahawa.

“Hapana. Tunaanza mazoezi leo. Mjomba ananisubiri pale kwenye kona.”

Ananisubiri, alisema. Hakusema anatusubiri. Nikahisi mahali palepale pakiniuma upya, kama jino. Nilichukua koti langu msumarini, nikamfuata.